Umeme Unaoimba G

Umeme wa Durban unaimba noti ya G. Si G safi: imepanda kidogo, kama mwimbaji wa kwaya aliyekosa mazoezi ya Alhamisi. Umeme wa ukutani hapa hubadili mwelekeo na kurudi mara 50 kila sekunde. Ukizidisha kwa mbili unapata 100, sauti ambayo kwenye gitaa iko jirani kabisa na freti ya tatu ya ile kamba nene. Dar es Salaam ni hivyo hivyo, Mombasa hivyo hivyo, Lubumbashi pia. Wamarekani walichagua 60, na mvumo wao unaangukia katikati ya B-flati na B, mahali ambapo hakuna mpiga gitaa anayeweka kidole. Sisi angalau tunaweza kutyuni kwa kusikiliza friji.

Nimeyajua haya kwa sababu ya amplifaya niliyoijenga mwenyewe katika chumba cha kupanga huko Clairwood, kusini mwa Durban, nyuma kidogo ya South Coast Road, ambako malori ya makontena hayalali. Ni amplifaya ya vali, zile chupa za kioo zinazowaka kama kaa la moto, ambazo wazee wetu walizizoea kwenye redio za mbao. Nilitumia vali mbili ndogo aina ya ECC83 za kukuza sauti ya gitaa, na mbili za EL84 za kuisukuma spika. Nilipoiwasha mara ya kwanza haikulipuka, na hilo nalihesabu kuwa ushindi. Lakini iliunguruma. Gitaa lilikuwa bado limeegemezwa ukutani, na spika ilikuwa imeshaanza wimbo wake wa noti moja.

Mzee mmoja wa mtaa ule, fundi redio aliyestaafu, ambaye kila mtu humwita Anko kama Wahindi wa Durban wanavyomwita mtu yeyote mwenye mvi, alisimama mlangoni akasikiliza kwa muda wa kupepesa macho mara mbili.

“Hiyo ni mia, si hamsini,” akasema, akaenda zake kunywa chai.

Kauli ile ilinichukua siku tatu kuielewa. Katika siku hizo tatu nilianza kuutazama mvumo kama kitu chenye ukoo na safari zake, na safari hizo, ajabu ni kwamba, hazikunipeleka mbali na mtaa ule.

Vali ni mtoto wa taa ya umeme. Mwaka 1904 Mwingereza John Ambrose Fleming alionyesha kwamba taa yenye kipande cha chuma cha ziada ndani inaweza kuruhusu umeme upite upande mmoja tu. Miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest aliongeza kijiwavu cha waya katikati, nacho kikabadilisha kila kitu. Kijiwavu hicho, gridi, ni kama mlinzi wa geti la uwanja wa mpira: yeye ni mmoja, tena mwembamba, lakini akiinua kidole maelfu wanapita na akikishusha wanazuiwa. Umeme dhaifu wa sauti unamgusa mlinzi tu, na mto mkubwa wa umeme nyuma yake unafuata kila mtikisiko.

Kwa miaka ishirini ya mwanzo mashine hizo zilikula betri: moja ya asidi ya kuwasha uzi wa vali, nyingine ya volti nyingi ya kusukuma mto. Umeme wa betri unakwenda upande mmoja bila kutikisika, kwa hiyo redio hizo zilikuwa na kelele za kila aina isipokuwa mvumo. Mvumo haukuzaliwa na vali. Ulizaliwa siku vali ilipochomekwa ukutani. Uzi ukipewa umeme wa kwenda na kurudi, nao unatikisa mto kwa mwendo huo huo. Dawa ilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1920, pale RCA ya Marekani ilipoleta sokoni vali aina ya 227: uzi ukavishwa kijineli cha nikeli, hita ikakaa ndani, na kijineli ndicho kikatoa umeme. Kelele ilipungua sana. Haikwisha, na tangu hapo kila anayejenga amplifaya anapokea deni lililoachwa na wenzake.

Clairwood nayo wakati huo ilikuwa na madeni yake. Meli ya Truro ilitia nanga Durban tarehe 16 Novemba 1860 ikiwa na vibarua wa mkataba kutoka Madras, waliopelekwa kwenye mashamba ya miwa ya Natal. Mikataba ilipokwisha, wengi hawakurudi. Walishuka kusini mwa mji, wakakodi na kununua vipande vya ardhi yenye tope zuri, wakalima mboga, wakajenga shule na mahekalu. Upande wa bahari, juu ya kilima cha Bluff, mahali panapoitwa King’s Rest, walikuwa na majirani ambao msomaji wa Kiswahili hawezi kuwapita bila kubisha hodi: Wazanzibari. Kuanzia 1873 jeshi la majini la Uingereza lilileta Durban, kupitia Zanzibar, mamia ya watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Wengi wao walikuwa Wamakua, lakini jina walilopewa lilikuwa la kisiwa walichopitishwa. Walishikilia Uislamu wao na ardhi yao pale kilimani mpaka sheria ya ubaguzi wa maeneo ya 1950 ilipowafikia. Katika miaka ya 1960 walihamishiwa Chatsworth, na serikali ikawaandika katika fungu la “Waasia wengine”. Familia nyingi za Clairwood zilipelekwa Chatsworth pia, kwa kuwa mji ulitaka viwanda mahali pa mabustani ya mboga. Wengine waligoma kuondoka. Ndiyo maana mpaka leo hekalu limesimama kati ya magereji ya malori, na harufu ya ubani inashindana na ya dizeli.

Viwanda hivyo vilikuwa vya kila namna, lakini kimoja kinanihusu. Jacobs, mtaa unaopakana na Clairwood, ndiko kampuni ya Gallo ilikokuwa ikitengeneza magitaa. Eric Gallo alianza mwaka 1926 na duka la sahani za santuri Johannesburg, akaingia katika kurekodi, na baada ya Vita Kuu ya Pili jina la Gallotone lilikuwa kwenye sahani na kwenye magitaa vilevile. Gitaa la Gallotone Champion lilikuwa la bei ya chini, dogo kidogo kuliko la kawaida, la mbao zilizogandishwa tabaka kwa tabaka, na ndani lilibandikwa karatasi ya kuahidi kwamba halitapasuka. Mpiga gitaa la mbao anajua uzito wa ahadi hiyo katika nchi zetu za joto na mvua. Yaliuzwa Natal yenyewe, Rhodesia, na kaskazini zaidi, kwenye migodi ya shaba ya Katanga.

Shaba hiyo ni sehemu ya ukoo wa mvumo, maana mvumo husafiri kwenye waya wa shaba. Wafanyabiashara kutoka Unyamwezi waliifuata Katanga katikati ya karne ya 19, pamoja na pembe za ndovu. Mmoja wao, Msiri, aligeuka kutoka mgeni kuwa mfalme, na mji wake wa Bunkeya ukawa kituo cha misafara mpaka Wabelgiji walipomuua mwaka 1891. Watu wake waliitwa Wayeke. Baadaye kampuni ya Union Minière ilichimba shaba ile ile kwa mitambo, na mwaka 1930 kituo cha umeme wa maji cha Mwadingusha, kwenye mto Lufira, kilianza kulisha viwanda vya kuisafisha. Kwa hiyo Katanga ilikuwa na umeme mwingi kuliko sehemu nyingi za Afrika. Lakini ulikuwa umeme wa shaba, haukuwa umeme wa watu.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki kwa msaada wa Gallo, alimkuta kijana Myeke akipiga gitaa Jadotville, mji tunaouita Likasi sasa. Jina lake Mwenda Jean Bosco, Mwenda wa Bayeke, mzaliwa wa Bunkeya. Alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na shahada. Gumba linatembea kama mtu anayerudi nyumbani bila haraka, na shahada inacheza juu yake kama mtoto aliyeshikwa mkono. Aliimba Kiswahili cha Katanga. Wimbo wake wa Masanga ulitoka kwenye sahani ya Gallotone na kumfikisha mbali: mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa Nairobi na kipindi chake redioni, akipigia debe vidonge vya Aspro, na binamu yake Edouard Masengo naye akafuata njia hiyo hiyo ya Kenya.

Ukiisikiliza Masanga leo, utasikia kila ukucha unavyogusa kamba. Hakuna mvumo kwenye gitaa lile. Wapenzi wa muziki wa zamani huusifu usafi huo kana kwamba ni uadilifu. Mimi naona soketi ambayo haikuwepo. Viwanda vya Likasi vilikuwa na umeme usiku na mchana, na kijana aliyekuwa akipiga gitaa mitaani hakuwa na mahali pa kuchomeka chochote. Gitaa la sanduku lilifika pale ambapo waya haukufika, na mtindo mzima wa vidole viwili ulikua katika nafasi hiyo ya kimya. Redio nazo zilifuata mantiki hiyo. Mwaka 1949 kule Rhodesia ya Kaskazini ilitolewa redio ya vali iliyovikwa umbo la sufuria la alumini, bei yake pauni 5, iliyotumia betri kavu kwa sababu wanunuzi wake hawakuwa na umeme. Vali bila mvumo, miaka zaidi ya ishirini baada ya Wazungu kuanza kuisahau hali hiyo.

Wazungu wenyewe wanaikumbuka Gallotone Champion kwa sababu nyingine. Mwaka 1957 kijana wa Liverpool aitwaye John Lennon alipata moja lililoagizwa kwa posta, na tarehe 6 Julai mwaka huo alikuwa nalo kwenye sherehe ya kanisa la Woolton, siku aliyojuana na Paul McCartney. Mwaka 1999 gitaa hilo liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni laki moja. Wakazi wa Jacobs wanastahili kibao cha ukumbusho, lakini malori yangekigonga.

Gitaa la umeme ni ukoo mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 George Beauchamp na Adolph Rickenbacker, California, walitengeneza gitaa lenye sumaku na koili chini ya kamba. Sehemu hiyo inaitwa pikapu, na haina uhusiano na gari la kubebea mkaa. Koili ni maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba mwembamba kama unywele, na hapo ndipo penye utamu na balaa: kinachosikia kamba kinasikia pia kila transfoma, kila taa ya mrija na kila waya ukutani. Mwaka 1955 Seth Lover, fundi wa Gibson aliyekuwa amezoea kupigana na mvumo ndani ya amplifaya, aliweka koili mbili zilizogeuziana mgongo. Kamba inasikika na zote, mvumo unaingia kwenye zote mbili lakini kwa njia za kupingana, nao unajifuta. Kwangu mimi ndiyo hila nzuri kuliko zote katika historia hii, maana mvumo ndio unaojiua.

Amplifaya zilisafiri kama nyimbo, kwa kuigana. Bassman ya Fender ilijengwa California kwa ajili ya gitaa la besi. Mwaka 1962 Jim Marshall, muuza ngoma wa Hanwell, London, na mafundi wake waliinakili kwa vifaa walivyovipata Uingereza, na mlio ukabadilika kuwa mkali. Vali zilikuwa nyingine, transfoma nyingine, hata umeme ulikuwa mwingine, kwa sababu transfoma ya mizunguko 50 inahitaji chuma kingi kuliko ya 60. Amplifaya ya Marekani ikichomekwa kwenye ukuta wetu wa volti 230 bila kupunguziwa, kinachofuata ni moshi.

Afrika Mashariki amplifaya nyingi zilikuja kama mali ya taasisi. Neno tunalotumia linasema yote: vyombo. Bendi haikuwa na magitaa na spika, ilikuwa na vyombo, na vyombo vilikuwa na mwenyewe. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, polisi wakawa na bendi yao, jeshi yao. Mwanamuziki aliyehama aliondoka na vidole vyake tu. Sioni aibu kusema kwamba utaratibu huo, ambao wengi wameulaumu, ndio uliowapa vijana wengi wa Tanzania mvumo wao wa kwanza: taasisi ilikuwa na jengo, na jengo lilikuwa na soketi. Huku Natal, John Bhengu, aliyejulikana kama Phuzushukela, alikuwa amepiga gitaa la sanduku mitaani Durban kwa miaka mingi kabla ya kuingia studio na bendi ya umeme, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 maskandi, muziki wa gitaa wa Wazulu, ikapata sauti iliyotambulika kila hosteli ya wafanyakazi.

Kufikia hapo transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, ilikuwa imeshaiua vali karibu kila mahali isipokuwa mgongoni mwa wapiga gitaa. Wao waligoma, kwa sababu vali ikizidiwa haikatiki ghafla. Inapinda, kama sauti ya mtu anayekaribia kulia. Viwanda vya vali vimebaki vichache, vingi vikiwa Urusi, China na Slovakia. Zangu zilitoka Slovakia. Shaba iliyo ndani ya transfoma yangu sijui ni ya wapi, lakini kila nikiishika namkumbuka Msiri.

Turudi kwenye meza. Nilikuwa nimefanya mambo mawili kwa adabu. Kabla ya kufunga transfoma kwenye chasisi, niliwasha ile ya umeme, nikaunga visikizio vya masikioni kwenye ile ya spika, nikaizungusha taratibu juu ya bati mpaka mvumo masikioni ukazama. Pembe hiyo ndiyo niliyoichimbia matundu. Pili, nyaya za hita, zinazobeba zaidi ya ampea 2, nilizisokota kama msichana anayesuka nywele mbili na kuzilaza kwenye kona ya chasisi, mbali na gridi.

Kuna jambo moja ambalo sikulijaribu, na naomba asilijaribu mtu: kukata ethi, ule waya wa ardhi. Plagi ya Afrika Kusini iliyozoeleka ina miguu mitatu minene ya duara, urithi wa Waingereza, na ule mkubwa ni wa ethi. Ukiukata, mvumo wakati mwingine hupungua, na wanamuziki wamekuwa wakifanya hivyo tangu enzi. Tarehe 3 Mei 1972, Swansea, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alishika maikrofoni isiyo na ethi nzuri akafia jukwaani.

Sasa ile kauli ya Anko. Hamsini hutoka kwenye nyaya za hita, au kwenye koili inayosikia transfoma. Mia hutokea baada ya umeme kunyooshwa, wakati kapasita kubwa zinapojazwa kwa mapigo, mia kila sekunde. Kwa maneno mengine mzee alikuwa ameniambia: acha kusokota hita, hazina kosa. Nilipoichomoa vali ya kwanza, kimya. Nilipoirudisha na kufunga volyumu hadi sifuri, mvumo ulishuka. Basi ulikuwa unaingia mlangoni kabisa, kabla ya volyumu, lakini ukitokea kwenye kapasita zilizokuwa upande wa pili wa chasisi. Ungepitia wapi?

Ethi. Kwa kutaka unadhifu nilikuwa nimepeleka ethi ya kapasita ya kwanza kwenye skrubu moja na tundu la kuchomekea gitaa. Kila pigo la kujaza kapasita lilipita pale pale ambapo sauti ya gitaa inaanza safari, na vali ya kwanza haijui kubagua. Inakuza chochote kinachotikisika. Kosa ni langu.

Nilizima, nikachomoa plagi, nikasubiri, kisha nikazimaliza kapasita kwa rezista, mkono mmoja mfukoni, maana zinaweza kushika volti zaidi ya 300 muda mrefu baada ya taa kuzimika. Nikafungua lehemu ya waya mmoja mweusi, urefu wa kiganja, nikaupeleka kwenye skrubu yake yenyewe kando ya transfoma.

Nilipowasha tena nilidhani imekufa. Ikabidi niweke mkono karibu na vali kuhisi joto. Kisha nikasikia lori likibadilisha gia South Coast Road, na bomba la jirani likivuja, sauti zilizokuwepo siku zote tatu. Anko alirudi na kikombe mkononi, akasikiliza, akatikisa kichwa pembeni kwa ile namna ya Kihindi ambayo ni ndiyo.

Nikachukua gitaa. Lina pikapu ya koili moja, kwa hiyo hamsini ilikuwa inaningoja ndani yake, tulivu, G ya chini kabisa. Nikajaribu gumba na shahada kama Mwenda, vibaya. Nikageuka kwenye kiti kutafuta pembe. Nikielekea barabarani, inavuma. Nikielekea Jacobs, inapungua. Nikiutazama mgongo wa Bluff, upande wa King’s Rest, inanyamaza kabisa, na pale ndipo nilipokikita kiti.